Shemeji Aliyenikata Sauti

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alinirekodi nikiwa kazini, akaiondoa sauti yangu, akaweka muziki wa kutisha, kisha akawaambia watu laki nne kwamba mimi ni mchawi ninayefunga nyota za wateja. Alifanya hivyo akijua wazi kwamba si kweli. Alikuwa ameketi kwenye kiti changu, anakunywa chai yangu, tena kwa kikombe kile ambacho mpini wake bado mzima. Nimeanza na hilo ili mtu asije akafika mwisho wa habari hii akadhani nimesamehe kwa sababu nacheka. Kucheka nacheka. Kusamehe ni jambo lingine.

Mimi ninasema na binti wa kaka yangu anaandika, kisha ananisomea, nami namwambia apunguze pale alipotia chumvi. Shule mimi niliiona kwa nje, nikipita. Lakini ni fundi cherehani, na katika mtaa huu nimevalisha watu miaka ishirini na miwili.

Mama mkubwa aliyenifundisha kazi hakujua kusoma namba, na mimi sikujua, kwa hiyo futi ya kupimia haikuwahi kutusaidia kitu. Tulipima kwa kamba. Kila mteja wangu ana kamba yake ya pamba, nyembamba kama ya kiatu. Ncha moja naichoma kwa moto isifumuke, na vipimo vyote huanzia hapo. Bega ni fundo moja. Kiuno ni mafundo mawili yaliyobanana, kifua matatu, nyonga manne. Huwezi kutegemea urefu peke yake, maana kwa mwenye kitambi kiuno hupita kifua, ndiyo sababu mafundo yana idadi. Na kabla ya yote kamba naichemsha, naianika ikiwa imening'inizwa jiwe, ili kama ni kuvutika ivutike mapema, isije ikavutikia kiunoni kwa mtu. Ninapofunga fundo nasema kwa sauti, "Bega, kiuno, kifua, nyonga," nisije nikachanganya. Nikimaliza, kamba inakwenda ukutani, kwenye msumari wake. Misumari ni mia moja na arobaini, haina alama yoyote. Najua wa nani uko wapi kama unavyojua mdomo wako uko wapi gizani.

Sasa shemeji. Aliwahi kuuza viatu, akaacha. Akauza bima, akaacha. Kisha akanunua simu kubwa na taa ya duara, akafungua ukurasa unaoitwa Jicho la Mtaa, na tangu hapo watu wanamwita Jicho, naye anafurahi. Jumamosi moja alikuja na mdogo wangu kunisalimu. Nilikuwa nampima dereva wa lori. Dereva alipoondoka nikabaki ukutani namalizia kamba yake, nikamwona shemeji ameninyooshea simu.

"Endelea tu, shemeji, usinitazame. Ni ya kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nini, kwani nimekufa?"

"Ya familia, shemeji. Kazi yako ni nzuri, watoto waje waione."

Mdogo wangu akacheka. Mimi nikaendelea: bega, kiuno, kifua, nyonga.

Siku ya tatu, binti wa kaka yangu akaja mbio kutoka kwenye duka la picha za pasipoti alipokuwa anafanya kazi. Tunamwita Chiriku, kwa sababu hanyamazi. Siku hiyo alikuwa amenyamaza, ndipo nikajua kuna msiba. Akanionyesha simu. Nilijiona nimesimama mbele ya ukuta, mdomo unatembea bila sauti, vidole vinafunga fundo, ngoma inapigwa kama kwenye filamu ya majini. Juu yake kulikuwa na maandishi mekundu. Chiriku akanisomea: "Fundi afunga nyota za wateja wake! Tazama hadi mwisho."

"Na mwisho kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna kitu, shangazi. Mwisho anasema waufuate ukurasa."

Wa kwanza kuja alikuwa dereva. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango ameishika kofia mkononi.

"Fundi, mimi sina neno na wewe. Nipe tu kamba yangu."

"Kamba ya nini, na suruali yako iko hapa mezani imebaki pindo?"

"Suruali kaa nayo. Kamba, fundi. Lori limeniharibikia mara mbili mwezi huu."

"Lori lako lina umri wa kunizidi mimi! Unataka lisiharibike?"

Aliipokea kamba kwa mfuko wa plastiki, ameuvaa mkononi kama mtu anayeokota panya. Baada yake wakaja wengine, na wengine hawakuja kabisa, ambalo ni baya zaidi. Kisha akaja mama mwenye nyumba. Yeye hazunguki.

"Mimi mambo hayo siyaamini," akasema, huku ameegemea nje ya fremu ya mlango, kidole cha mguu hakijavuka kizingiti. "Lakini wapangaji wangu wanaamini. Mwezi ujao ukiisha, ama kamba hizo zitoke ukutani, ama utoke nazo."

Hapo ndipo nilipojua nimeshikwa wapi. Chumba kingine ningepata, ingawa kwa taabu. Lakini nani angenipokea na kamba zangu, baada ya video ile? Na bila kamba mimi ni nani? Ni mama mmoja mwenye mkasi.

Nikaenda kwa shemeji. Nilimkuta ameketi mbele ya taa yake, uso unang'aa kama sahani iliyooshwa.

"Shemeji! Mgeni wa heshima! Umeziona namba?"

"Nimemwona mteja wangu akibeba kamba kwa mfuko wa plastiki."

"Ndiyo maana yake! Watu wanakuzungumzia. Sikiliza, nina sehemu ya pili. Unazichoma kamba zote uani, unalia kidogo, unatubu. Hiyo inapita milioni. Tunagawana nusu kwa nusu."

"Nikishazichoma, nitashona kwa kipimo cha nani?"

"Kwa milioni, shemeji, hutashona tena!"

"Rudisha sauti yangu. Watu wasikie nilichokuwa nasema."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mjinga. "Sauti yako inachosha, shemeji. Bega, kiuno, bega, kiuno. Nani atakaa kutazama hayo?"

Mdogo wangu alikuwa mlangoni, beseni la nguo kiunoni. "Dada, mkubalie tu yaishe," akasema.

"Wewe ulikuwepo," nikamwambia. "Ulisikia kila neno."

Aliliangalia beseni.

Nilirudi nyumbani nikamwambia Chiriku, "Lete simu." Akaisimamisha juu ya marobota ya kitambaa, nami nikamtukana shemeji kuanzia kisigino hadi utosi, bila kurudia tusi. Chiriku alicheka mpaka akakaa chini. Alipofuta machozi akasema, "Shangazi, hii nikiiweka, wiki hii tunampita."

"Iweke."

"Naiweka. Lakini watakaokuja watakuja kusikia tusi la pili. Nguo hawatakuletea."

Nilishona mshono mmoja mzima wa gauni kabla sijamjibu. Kisha nikamwambia afute. Kuna tusi moja mle ndani lilikuwa zuri sana, mpaka leo naliona hasara.

Tukapatana namna yetu. Sauti haikatwi. Kichwa cha habari kinasema kilichomo, si zaidi. Mteja harekodiwi mpaka akubali, na baadaye anaonyeshwa, na akisema "mimi hapo sijapenda," inafutwa hata kama ni nzuri kama nini. Na kilichoharibika kinabaki. Hili la mwisho nililisema mimi, kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimechoka na watu wanaokatakata mambo. Sikujua litakuja kunidai mapema hivyo.

Video yetu ya kwanza ilikuwa "Jinsi ninavyopima kwa kamba." Nilimpima Chiriku, nikakata, nikashona, akavaa. Ilitazamwa mara arobaini na moja. Sita kati ya hizo ni Chiriku mwenyewe, na tisa ni mimi, maana sikuwahi kujiona nikifanya kazi. Nilishangaa mkono wangu wa kushoto una bidii kiasi kile, na miaka yote sifa zinakwenda kwa wa kulia.

Tukaendelea. Kubadilisha zipu. Kugeuza kola iliyochakaa ili upande mzima uje juu. Namna ya kumtambua fundi atakayekuibia kitambaa, hiyo ilipendwa kidogo. Watazamaji walifika mia tatu. Nusu yao waliandika tu, "Mama, nyota ya bosi wangu umeifunga lini?" Mwezi ulikuwa unayoyoma, na wateja walionibakia unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja wao alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, aliyesema hana muda wa wachawi kwa sababu ana wanafunzi mia nane. Alinipa kitambaa kizuri cha koti la kuvaa siku ya mkutano wa wazazi.

Siku hiyo nilikuwa nimetoka kununua vifungo. Niliporudi niliuona ukuta wa upande wa dirisha umependeza, nikadhani Chiriku amefuta vumbi, nikamsifu. Nikanyoosha mkono bila kutazama, kama kawaida yangu, nikachukua kamba ya mwalimu kwenye msumari wake, nikaanza kukata. Niliona kitambaa kinakwisha upesi. Nikajisemea, kumbe mwalimu ana mwili ila hauonyeshi. Ndivyo nilivyofundishwa: macho hudanganywa, kamba haidanganywi.

Alipokuja kujaribu, tuliomba ruhusa tukarekodi. Akalivaa koti. Mikono yake ikapotea. Mabega yakashuka hadi viwikoni. Akajigeuza kwenye kioo upande mmoja, koti likabaki linatazama mbele.

"Fundi," akasema taratibu, "humu ndani kuna mtu mwingine?"

Nikaitazama kamba. Nikalitazama fundo la bega, lilivyokuwa mbali na ncha. Ilikuwa ya mwenye duka la unga, mwanamume ambaye mabega yake huingia mlangoni kwa zamu.

Nyuma ya simu, Chiriku alikuwa amekauka. "Shangazi," akasema, "nilizipanga."

"Ulipanga nini?"

"Kamba. Za upande wa dirisha. Kwa urefu, kubwa huku, ndogo huku. Zionekane vizuri kwenye video."

"Zote za dirishani?"

"Ishirini na mbili tu, shangazi."

"Tu!"

Nilikaa chini sakafuni. Miaka ishirini na miwili sijaandika jina la mtu, kwa sababu msumari ndio uliokuwa jina. Sasa nilikuwa na watu ishirini na wawili ukutani wasiojulikana ni akina nani. Nikataka kulia, lakini mwalimu mkuu akanitangulia kucheka. Alikuwa akicheka ndani ya koti lile, na koti lilikuwa kubwa kiasi kwamba kicheko kilichelewa kulifikia.

Chiriku akachukua simu. "Naifuta hii."

"Acha."

"Shangazi, zimebaki siku tisa. Mama mwenye nyumba akiona hujui hata kupima, si ndiyo itakuwa mwisho?"

"Tulisema kilichoharibika kinabaki."

"Tulisema! Lakini hatukujua kitaharibika hivi!"

"Sasa ungependa kiharibike vipi, kwa mpangilio, kama kamba zangu?"

Mwalimu mkuu akatoa kichwa kwenye kola. "Wekeni," akasema. "Ila muandike kwamba mimi ni mwembamba."

Tukaiweka yote, na Chiriku akaeleza kwa mdomo wake alichofanya na kwa nini. Kichwa cha video: "Tumeharibu koti la mwalimu, na sababu ni kupamba ukuta." Niliona haya kuliko siku ile ya shemeji, maana safari hii lilikuwa kosa langu kweli.

Mpaka jioni ya siku ya pili watu elfu thelathini walikuwa wamemwona mwalimu akiuliza kama kuna mtu mwingine. Na katika maoni, mtu mmoja nisiyemjua aliandika maneno ambayo Chiriku alinisomea mara tano: "Mchawi gani huyu asiyejua kamba ni ya nani?" Chini yake wakajazana. "Kama alinifunga mimi, basi kamfunga mwenye unga." "Ndiyo maana napata wachumba wa jirani yangu!" Wiki kadhaa nilikuwa nimejieleza kwa upole na hakuna aliyesikia. Koti moja lililoharibika lilinieleza kwa siku mbili.

Mama mwenye nyumba akaja, simu mkononi, akinionyesha video yangu mwenyewe kana kwamba sijaiona. "Nimecheka mpaka mume wangu akauliza nacheka na nani," akasema. Mguu wake mmoja ulikuwa umevuka kizingiti.

Lakini zile kamba ishirini na mbili zilikuwa bado mayatima. Tukatangaza: mteja wa upande wa dirisha aje apimwe upya, na akitaka aondoke na kamba ya zamani akiitambua. Walikuja. Walikuja na wa upande wa mlango ambao kamba zao hazikuguswa, ili wasipitwe na jambo. Chumba kilijaa hadi cherehani nikaisukuma pembeni. Watu walikuwa wakiinua kamba na kujibandika kifuani, "Hii ni yangu!" "Yako wapi, na tumbo hilo?" Mwenye duka la unga alilipia kitambaa cha lile koti, likapunguzwa urefu kidogo, akaondoka nalo. Mwalimu nikamshonea jingine, na hilo la pili ndilo alilovaa kwenye mkutano.

Dereva naye akatokea. Safari hii aliingia ndani.

"Nimeshonewa suruali kwingine, fundi. Walinipima kwa futi. Nikikaa kwenye usukani inaniuliza maswali."

"Na kamba yangu uliitupa wapi?"

Akajikuna kisogo. "Niliogopa kuitupa. Ipo kwenye tairi la akiba."

"Na lori?"

"Limeharibika mara tatu, fundi. Sasa najua ni ubovu wake lenyewe."

Mama mwenye nyumba alisubiri watu wapungue. Kisha akavua mtandio, akasimama katikati ya chumba, mikono imeinuliwa kama anayekaguliwa.

"Nipime na mimi."

"Si ulisema kamba zitoke?"

"Nilisema mwezi ukiisha. Umeisha?"

"Bado siku mbili."

"Basi unasubiri nini? Pima. Na kiunoni usibane, nina mume. Na usiniweke karibu na mwenye unga, nisije nikapata mabega."

Nimemweka juu ya dirisha, peke yake, kama alivyotaka. Chumba ni changu hadi leo. Misumari sasa ina vipande vya karatasi, Chiriku ameandika majina, nami nimeanza kuyatambua. La dereva ni fupi, la mama mwenye nyumba ni refu kama madai yake.

Ukurasa wetu una wafuasi elfu kumi na moja. Chiriku duka la picha ameliacha, siku tatu anarekodi, siku tatu anajifunza kushona, na pindo lake bado linapanda na kushuka. Aliwahi kuja mtu mwenye miwani ya jua, anataka niuze "kamba za bahati" zilizofungwa na mkono wangu. Nilimuuliza kama na yeye amepimwa. Mwingine analeta mafuta ya cherehani. Hayo nayatumia kweli, kwa hiyo nasema mbele ya simu kwamba nimepewa bure, na nasema pia kwamba kizibo chao kinavuja, kwa sababu kinavuja. Alilalamika. Mwezi uliofuata akaleta chupa zenye kizibo kipya.

Shemeji alikuja mwezi uliopita, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. "Shemeji, tushirikiane sasa. Watu wanatupenda." Nikamwambia kwanza arudi kwenye Jicho la Mtaa, auonyeshe uso wake, aiweke sauti yangu yote kama ilivyokuwa, aseme ni yeye aliyeiondoa. Akasema atafanya ikifika milioni. Imefika laki sita.

Hapa mtaani jambo limekwisha, lakini video haijui mtaa. Kuna fundi mmoja wa mbali, mwanamke, ametuandikia. Naye hupima kwa kamba, alifundishwa na bibi yake. Anasema tangu wateja wake waone ile video hawakubali tena kuguswa na kamba, na yeye hana ukurasa, hana Chiriku. Nilimtumia salamu na futi. Nilikuwa sina kingine.

Kwa hiyo hesabu yangu iko hivi. Shemeji ana deni la sauti yangu, dakika mbili nzima, mahali palepale alipoiondoa, na deni la yule fundi nisiyemjua sura. Mdogo wangu ana deni la sentensi moja, kwamba alikuwepo na alisikia. Jana alipita hapa kuchukua blauzi yake. Tulizungumza habari za mvua.